Barafu Iliyoandika Mawe ya Kongo

Sisi wa Bukavu tukisikia habari za barafu ya milimani, twafikiri vilele vya Ruwenzori tu. Kumbe zamani za kale, yapata miaka milioni 300 iliyopita, barafu ililala hata huku mashariki ya Kongo. Siku zile Afrika ilikuwa imeshikamana na Amerika ya Kusini, Uhindi na Australia, karibu na ncha ya kusini ya dunia.

Ushahidi uko wapi? Umo mawenimo. Pande za Walikale na Kalemie wataalamu walikuta tabaka za miamba ambamo mawe makubwa na madogo yamechanganyika ovyo katika udongo uliogeuka jiwe. Mto haufanyi hivyo: huweka mawe mazito mahali pake, na mchanga mahali pake. Barafu haichagui, huburura vyote pamoja, na mawe mengine hubaki na mikwaruzo. Palipokuwa na maziwa mbele ya barafu, twaona tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Wakati wa joto maji yaliyoyeyuka yalileta mchanga. Wakati wa baridi maji yalitulia, tope laini likatua.

Miamba hiyo yaitwa ya Lukuga, kwa jina la mto utokao ziwa Tanganyika. Sehemu yake ya juu ina makaa ya mawe ya Kalemie: barafu ilipokwisha, mimea iliota mabondeni, ikafa, ikazikwa.

Mbona barafu huja na kurudi? Milutin Milankovitch, mtaalamu wa Serbia, alionyesha kwa hesabu kwamba dunia hubadili kidogo kidogo njia yake ya kulizunguka jua, na mwinamo wake pia. Vipindi vyake ni vya miaka kama 100,000, 41,000 na 20,000 hivi. Ndipo joto la jua hugawanyika vingine.

Kipindi cha mwisho kilifikia ukali wake yapata miaka 20,000 iliyopita. Barafu haikufika Bukavu, lakini mvua ilipungua. Tope la chini ya ziwa Kivu limetunza habari hiyo: ziwa lilishuka sana, hata halikumwaga maji katika Ruzizi. Nasi leo twapata umeme kwa nguvu ya maji ya Ruzizi!

Basi, asidhani mtu kuwa ziwa lilikuwa hivi tangu mwanzo. Tupime mvua na kimo cha maji kila mwaka, tuandike, tuwaachie watoto wetu hesabu iliyo wazi kuliko tope.