Chakula cha Ndege wa Tunduni: Mtama, Karanga na Ukungu

Somo la leo ni la historia, ingawa linaanzia mahali ambapo huenda hukutazamia kuiona historia, yaani katika kikombe cha chakula cha ndege mdogo aliye tunduni. Ninyi mlio Nkowe, na wenzenu wa Ruangwa na Nachingwea, sogeeni karibu, maana habari hii itapita mashambani kwenu kabla haijakwisha.

Ndege ninayemsema ni yule kasuku mdogo wa rangi ya kijani na manjano, mwenye mistari myeusi kichwani na mabawani, ambaye Waingereza humwita budgerigar. Uzito wake ni gramu 30 au 40 tu. Siku hizi huuzwa Dar es Salaam, na kijana anayefanya kazi mjini aweza kurudi kijijini kwa likizo na jozi moja ndani ya tundu, awaachie wazee wamtunzie. Hapo ndipo swali linapozaliwa: ale nini huyu mgeni?

Kwao ni Australia, katika nyika kavu za ndani ya nchi ile. Huko huruka makundi kwa makundi wakiifuata mvua, na chakula chao ni mbegu za majani, zilizokomaa na zile ambazo bado zina maziwa ndani. Mwaka 1840 Mwingereza John Gould, mtaalamu wa ndege, alirudi kwao kutoka Australia akiwa na baadhi yao hai. Wakapendwa mara moja. Tena walizaa tunduni bila taabu, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wameenea nyumba nyingi za Ulaya. Wafugaji wa Ubelgiji wakapata hata wa rangi ya buluu, rangi ambayo ni nadra mno kuonekana porini.

Lakini wenye ndege hawakuweza kuisafirisha nyika ya Australia. Wakampa ndege walichokipata dukani, nacho kilikuwa mbegu kavu za jamii ya mtama. Ile mbegu ndogo ya duara inayouzwa sana Ulaya ililimwa kwanza China. Uwele ni wa Afrika: punje zake za kale zimefukuliwa kaskazini ya Mali, za miaka kama 4,500 iliyopita. Mtama nao ulianza kulimwa upande wa mashariki wa Sudan, zamani zaidi ya hapo. Kwa hiyo, msikilizaji, ukimpa kasuku wako suke la uwele alidonoe, usidhani unambahatisha kwa chakula cha kimaskini. Nafaka za Afrika hutiwa katika mifuko ya chakula cha ndege na kuuzwa ng'ambo kwa bei ambayo ingemshangaza mkulima.

Sasa, kosa la wafugaji wa kwanza lilikuwa kudhani kwamba mbegu kavu zinatosha peke yake. Ndege wakanenepa kupita kiasi, maana porini huruka masafa marefu kutafuta chakula, lakini tunduni kikombe kiko hatua moja. Wengine walishikwa na rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, kwa sababu mbegu kavu hazina madini ya joto ya kutosha. Wengine walikosa vitamini A, pua zikaziba na manyoya yakafifia. Iliwachukua watu miaka mingi kukubali kwamba ndege anataka mboga kama mtu anavyotaka.

Na mboga, Nkowe zipo. Mchicha uliooshwa vizuri humfaa sana. Majani ya kunde pia, na kipande cha papai bivu au karoti. Uwele ukilowekwa usiku, ukaachwa uchipue kidogo kama unavyofanya kimea, humrudishia ile ladha ya mbegu changa za kwao. Kimea hicho kioshwe mara kwa mara na kitolewe tunduni siku ile ile, kisichache. Kwa madini, mtafutie lile ganda jeupe la dome ambalo mawimbi hulitupa ufukweni Lindi; lioshe, likaushe, lining'inize ndani ya tundu. Parachichi usimpe hata kidogo, kwa maana lina kitu kinachoua ndege wa namna hii. Chumvi hapana, chai hapana, na korosho za kukaanga zenye chumvi, ambazo najua mkononi mwako zipo, kula mwenyewe.

Nimefika kwenye karanga, na hapa nitakaa kidogo.

Karanga, ambazo wengine huziita njugu nyasa, si za asili ya Afrika. Zilitoka Amerika ya Kusini, nazo zililetwa huku baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Kabla yake tulikuwa na njugumawe, ambazo ni zetu wenyewe. Karanga ina mafuta mengi, na ndege huipenda kama mtoto anavyopenda peremende. Punje moja iliyopondwa, mara moja kwa juma, ni zawadi ya kutosha kwa ndege mwenye uzito wa gramu 35. Zaidi ya hapo ni kumnenepesha bure.

Mafuta hayo hayo ndiyo yaliyowaleta Waingereza Nachingwea. Baada ya vita kuu ya pili kwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yao ikakubali mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Msitu ukang'olewa kwa matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea, na bandari mpya ikachimbwa Mtwara. Nanyi mnajua yaliyotokea. Mvua ilikosa, ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu kama saruji, mitambo ikavunjika. Januari 1951 mpango ule uliachwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Vitabu vingi huishia hapo, kwa hasara ya fedha na vyuma vilivyoshika kutu. Mimi naona habari kubwa zaidi ya karanga ilikuwa bado kuja, na walioileta walikuwa ndege.

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga walianza kufa kwa ghafula. Walikataa kula, mabawa yakalegea, na baada ya siku chache wakafa. Walikufa zaidi ya 100,000 katika miezi michache. Waganga wa mifugo walitafuta kijidudu cha kuambukiza wasikione, wakaupa ugonjwa ule jina la X, yaani usiojulikana. Ndipo wakaanza kuuliza juu ya chakula. Wote walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Basi ikawa rahisi kusema kwamba Brazil ndiyo yenye kosa. Lakini mara ikaja habari kutoka Kenya na Uganda kwamba vifaranga vya bata vilikuwa vinakufa kwa namna ile ile, navyo vilikuwa vimekula karanga zilizolimwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Hapo wataalamu walijua kwamba jambo hili si la nchi moja.

Mwaka 1961 walimpata mhalifu. Ulikuwa ukungu, kuvu wa rangi ya kijani na manjano uitwao Aspergillus flavus, unaoota juu ya karanga na mahindi yenye unyevu na kutoa sumu. Sumu hiyo wakaiita aflatoksini, nasi siku hizi twaiita sumukuvu. Huharibu ini. Katika hesabu zote za ule mpango mkubwa wa karanga, za trekta na ekari na pauni, sumu hii haikuwamo, kwa sababu hapakuwa na mtu duniani aliyeijua.

Tazama sasa jambo hili lilivyopanda kutoka kwa ndege hadi kwa mtu. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia sumukuvu katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ikatokea kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wakafa, na mahindi ndiyo yaliyoshukiwa. Chakula kile kilipikwa kama kawaida. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii.

Kwa hiyo nakuuliza, wewe uliye Nkowe: karanga zako ukizichambua, zile zilizosinyaa, zenye doa au vumbi la kijani, huzipeleka wapi? Nzuri huenda sokoni, za wastani hutwangwa ziingie katika mboga, na mbovu kabisa humwagiwa kuku, au ndege wa tunduni. Twaona ni kuokoa mali. Kumbe kiumbe mdogo kuliko wote nyumbani ndiye aliyepewa sumu kubwa kuliko zote. Na ng'ombe akilishwa mashudu mabovu, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, mtoto akayanywa.

Ukungu huanza mapema. Karanga zikikosa mvua mwishoni, punje hudhoofika zikiwa bado ardhini. Zikishang'olewa, zikianikwa juu ya udongo mtupu, hunyonya unyevu usiku. Desturi moja ni mbaya zaidi, nayo ni kulowesha maganda kwa maji ili yapasuke upesi wakati wa kubangua. Najua vidole huuma, hasa vya kina mama ambao ndio wenye kazi hiyo. Hata hivyo maji yale ni kama kumkaribisha kuvu kwa mkeka na mto. Anika juu ya turubai au mkeka, funika jioni, na usitie gunia ghalani mpaka ukiitikisa karanga masikioni usikie punje zinacheza ndani ya ganda. Gunia lenyewe likae juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta. Zilizooza zichimbie shimo uzifukie. Mbegu nazo zimetengenezwa kwa ajili ya nchi yetu: kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kilitoa mbegu ya Pendo mwaka 1998, na mwaka 2009 zikafuata nyingine, mojawapo ikiitwa Nachingwea. Mbegu nzuri isipokauka vizuri itaota ukungu kama nyingine yoyote.

Na yule kasuku mdogo, uwele wake uweke katika chombo kikavu chenye kifuniko, uunuse kila unapofungua. Ukinuka uvundo, umwage wote. Ukungu waweza kuwamo hata pasipo harufu, basi usimwekee akiba ya miezi mingi.

Kiongozi wa kikundi, baada ya kusoma somo hili, tafuteni hapo Nkowe mzee aliyekuwa mtoto wakati matrekta yalipoingia Nachingwea. Mwulizeni wazazi wake walikausha karanga namna gani, walizihifadhi katika nini, na zile mbovu walizifanyaje. Andikeni majibu yake, mlinganishe na mnavyofanya ninyi mwaka huu.