Milango ya Fahamu na Jiko la Mkaa Chumbani

Katika miezi ya Juni na Julai, huku Matembwe kama ilivyo katika sehemu kubwa ya nyanda za juu za Njombe, baridi huingia nyumbani kabla ya jua kuzama. Kabla mtu hajalitamka neno "baridi", mwili wake umekwisha kufanya kazi kubwa, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

Shuleni tulifundishwa kwamba milango ya fahamu ni mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hesabu hiyo yafaa kwa kuanzia, ingawa wataalamu huongeza mingine, kama hisi ya mizani iliyomo ndani ya sikio. Yote hufuata njia moja. Kichocheo, kiwe mwanga, sauti, harufu au joto, hukutana na vipokezi maalumu. Vipokezi hukigeuza kuwa ishara ndogo za umeme. Ishara husafiri katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na huko ndiko tunakotambua. Jicho peke yake halioni.

Namna joto linavyogeuka kuwa ishara ilikuwa fumbo kwa muda mrefu. David Julius wa Marekani alianzia kwenye pilipili. Alitafuta kipokezi kinachoitikia ukali wake, akakuta kwamba hicho hicho huamshwa na joto linaloumiza. Basi tusemapo pilipili inachoma hatutii chumvi, kwa kuwa ubongo hupokea habari ile ile. Julius na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Lebanoni, waligundua pia, kila mmoja kwa upande wake, kipokezi cha baridi. Mwaka 2021 walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hata hivyo hisi huchoka upesi kutangaza jambo lisilobadilika. Ubani ukifukizwa mwanzoni mwa Misa, baada ya dakika chache hatuusikii tena. Aliyechelewa ndiye anayeunusa mlangoni.

Tena yapo mambo ambayo hatukupewa mlango wa kuyapokea, na hapo ndipo penye hofu yetu. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, kisha wakafunga madirisha na kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Moshi ukikoma na makaa yakiwa mekundu, pua husema pamekuwa salama, na ngozi hufurahia joto; sumu ingali ikitoka. Damu huishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo ubongo hukosa hewa. Gesi ya kupikia hutiwa harufu kwa makusudi ili ikivuja tujue. Mkaa hauna msaada huo.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, lakini aliyelala huenda asizihisi kabisa. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, jiko lishukiwe kwanza. Watolewe wote kwenye hewa safi, wapelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Jiko lenyewe libaki nje usiku, hata likionekana limezimika, na wazee na watoto waongezewe blanketi.