Sekunde Moja Kando ya Ziwa Biwa

Tarehe 28 Februari 2021, mjini Otsu, Japani, Kengo Suzuki alikosa chupa yake ya kinywaji mezani. Zilikuwa zimebaki kama kilomita sita. Kongoni wa kundi la mbele walikuwa watatu tu, mmoja wao Mkenya anayeishi Japani. Suzuki hakurudi kuitafuta chupa. Alichomoka, akawaacha, akaingia Uwanja wa Ojiyama kwa saa 2:04:56. Hakuna Mjapani aliyewahi kumaliza marathoni chini ya 2:05. Na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa mbio hizo kukimbiwa kando ya Ziwa Biwa.

Hazikuzaliwa ziwani. Gazeti la Mainichi lilizianzisha Osaka mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita, katika jiji lililokuwa limeteketezwa kwa mabomu. Mwaka 1961 alikuja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Olimpiki ya Roma akiwa peku. Mtengeneza viatu wa Kobe, Kihachiro Onitsuka, alimfuata hotelini kumsihi avae viatu vyake. Bikila akavaa, akashinda. (Kampuni ya mzee huyo leo tunaijua kwa jina la Asics.) Mwaka uliofuata mbio zikahamia Otsu, na Bikila akarudi kushinda huko mwaka 1965.

Ziwa lenyewe ndilo kubwa kuliko yote Japani, ingawa Victoria ni kubwa kama mara mia. Barabara ya ufukweni ni tambarare, lakini upepo huweza kumvunja mtu moyo. Hata hivyo Waafrika Mashariki waliizoea. Mtanzania Samson Ramadhani alishinda mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2009 akashinda Paul Tergat, akiwa na miaka 39.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiyatazama matokeo ya Suzuki. Mwaka 2003, Berlin, Tergat aliweka rekodi ya dunia ya 2:04:55. Sekunde moja! Lakini Tergat alikimbia na viatu vyepesi vya soli nyembamba, na kufikia 2021 soli nene zenye bamba la kaboni zilikuwa zimeenea kote. Siku ile Otsu zaidi ya wanaume 40 walimaliza chini ya 2:10. Simpunguzii Suzuki chochote. Nasema tu kwamba sekunde ile moja haipimiki kwa saa peke yake, na pengine Onitsuka angelielewa hilo upesi kuliko sisi.

Kwa nini basi mbio zenye siku kama ile zikaondolewa? Zilikuwa za wanaume wachache wenye muda wa kufuzu. Tokyo, tangu 2007, na Osaka, tangu 2011, zilikuwa zimefungulia barabara makumi ya maelfu ya watu wa kawaida: walimu, makarani, wastaafu. Mbio za wateule hazikuweza kushindana na umati huo, na sioni kama zilistahili kushinda.

Mwaka 2022 ziliunganishwa na Marathoni ya Osaka. Jina la Biwa likaenda nazo, japo ukiwa Osaka ziwa hulioni. Maji yake tu ndiyo hufika huko, kwa Mto Seta, ule ule ambao wakimbiaji wa Otsu walikuwa wakiuvuka kila mwaka.