Mazingira Green Party: Chama cha Wangari Maathai Kilichopata Kiti Kimoja Tu Bungeni

Uliza msee yeyote mtaani kuhusu Profesa Wangari Maathai, atakuambia miti na Nobel. Sasa muulize chama chake kiliitwaje. Kimya. Kiliitwa Mazingira Green Party of Kenya, na stori yake inaonyesha vile sisi hupiga kura.

Maathai alianza Green Belt Movement 1977, akina mama wakipanda miche. 1989 serikali ikataka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Akakataa. Wabunge wakamcheka bungeni, lakini jumba halikujengwa. Ukijilaza kwa nyasi pale Jumapili, ujue nani wa kushukuru. Na hio vita yote aliipiga bila chama.

1997 akaingia siasa mzima mzima, akagombea urais na ubunge kwa tiketi ya Liberal Party. Siku yenyewe ya kura, uvumi ukachapishwa eti amejiondoa. Noma sana. Akapata kura za kuhesabu.

Halafu 2002 akapanda NARC. Tetu, kule Nyeri, wakampa asilimia 98. Januari 2003 Kibaki akamfanya waziri msaidizi wa mazingira, na mwaka huo ndio Mazingira ikazaliwa, ili wagombea wenye ajenda ya Green Belt wawe na tiketi yao. Chama kikaingia kwa muungano wa vyama vya kijani duniani. 2004 Maathai akabeba Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata.

Ungedhani sasa chama kitapaa, sivyo? Cheki 2007. Maathai mwenyewe alitafuta kwanza tiketi ya PNU, chama cha Kibaki. Hata mwenye duka alijua bidhaa yake haiuziki Nyeri mwaka huo! Akaangushwa kwa mchujo, ndio akarudi kwa Mazingira, na debeni akapoteza. Mama ni yule yule, Tetu ni ile ile, ameongeza Nobel, lakini wimbi lilikuwa la PNU.

Kichekesho ni kwamba chama hakikutoka mikono mitupu. Silas Muriuki alishinda Imenti Kaskazini, Meru, kwa tiketi ya Mazingira. Kiti kimoja kati ya 210.

2011 ikaja na sheria mpya ya vyama: ukitaka usajili kamili, lazima uwe na wanachama 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani angalau kaunti 24, na ofisi huko pia. Kwa chama kidogo hio ni pesa mob. Septemba 25 mwaka huo huo, Maathai akafariki Nairobi. Aliagwa kishujaa, jeneza likiwa la mianzi, mafunjo na gugumaji kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Chama kikabaki kutafuta watu kaunti 24 bila yule mmoja ambaye kila mtu alimjua.