Hofu ya Kisu: Kutoka Sponji ya Kasumba Hadi Kidonge

Tarehe 30 Septemba 1811, mjini Paris, mwandishi wa riwaya Mwingereza Fanny Burney alikatwa titi akiwa macho. Nusukaputi ilikuwa bado; etha ilionyeshwa hadharani Boston miaka 35 baadaye, Oktoba 16, 1846. Alichopewa cha kumtuliza ni kinywaji cha divai, basi. Aliyaandika yote mwenyewe katika barua ndefu kwa dada yake, na ukiisoma unaona kwamba kisu hakikuwa mateso yake ya pekee. Kusubiri nako kulimtesa: kutembea huku na huko, huku macho yakitua kwenye bandeji na sponji zilizoandaliwa.

Kama umewahi kulala wodini usiku wa kuamkia upasuaji, unaijua hofu hiyo. Na pengine kuna shangazi aliyekuja na chupa ya mitishamba, "kunywa kidogo utulie", wakati nesi ana kidonge chake. Sasa umwamini nani?

Hebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu ugomvi huo ni mchanga kuliko tunavyodhani. Karne ya 1, tabibu Mgiriki Dioscorides aliandika kuhusu divai ya mandragora kwa watu wanaokwenda kukatwa au kuchomwa. Karne ya 13 huko Italia, Teodorico Borgognoni, askofu aliyekuwa pia mpasuaji, alieleza sponji iliyolowekwa maji ya kasumba, mandragora, hemloki na hiosiamu, ikakaushwa. Ikihitajika inatiwa kwenye maji ya moto, mgonjwa anawekewa puani. Shida ilikuwa kipimo. Mmea mmoja una sumu nyingi, mwenzake wa shamba la pili una kidogo, na hemloki si mchezo: ndiyo inayosimuliwa kumuua Socrates.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga mofini kutoka kwenye kasumba. Baadaye ikapatikana skopolamini, iliyomo kwenye hiosiamu (na kwenye mnanaha wetu, ule ambao watoto huonywa wasiuchezee). Mofini na skopolamini zikaja kuwa sindano ya kawaida kabla ya upasuaji. Yaani sponji ya askofu ilirudi hospitalini, safari hii ikiwa imepimwa kwa miligramu. Dawa zilizotengenezwa maabara, kama diazepamu ya mwaka 1963, zilikuja baada ya hapo.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaocheka mitishamba yote. Mwaka 2008 watafiti wa Tehran waliwapa wagonjwa miligramu 500 za Passiflora incarnata dakika 90 kabla ya upasuaji, na wasiwasi wao ukapungua kuliko wa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini jaribio lilikuwa la watu 60 tu. Na mmea huo ni binamu wa pasheni, si pasheni yenyewe, kwa hiyo usikimbilie juisi; tena unatakiwa uwe umefunga kula.

Kinachonitia hofu mimi ni chupa inayonywewa kwa siri. Valeriani na kava zinaweza kuzidisha nguvu ya dawa za usingizi. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutoka damu, ndiyo maana mapitio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001 yalishauri viachwe angalau siku 7 kabla. Mtaalamu wa usingizi akikuuliza unatumia nini, mtajie na ya shangazi. Hajaja kukugombeza.

Kidonge nacho kisipewe sifa za bure. Mwaka 2015 nchini Ufaransa, wagonjwa 1,062 waligawanywa: wengine lorazepamu, wengine kidonge kitupu, wengine hawakupewa chochote. Walipoulizwa baadaye, waliopewa lorazepamu hawakuwa wameridhika zaidi ya wenzao, na walichelewa zaidi kutolewa mpira wa kupumulia.

Kuna jaribio la zamani zaidi ninalolipenda. Mwaka 1963, Lawrence Egbert na wenzake huko Boston walilinganisha sindano ya pentobabitali na kitu ambacho hakiuzwi duka la dawa: daktari wa usingizi kwenda kwa mgonjwa kabla ya siku yenyewe, akakaa, akamweleza kitakachotokea. Waliochomwa sindano walisinzia, lakini hawakuwa watulivu zaidi. Waliotembelewa ndio waliotulia.