Manowari ya Bomba Tatu

Miongoni mwa habari za pwani yetu zistahilizo kufundishwa ni za Königsberg, manowari ya Wajerumani ambayo wenyeji waliitambua kwa bomba zake tatu. Iliwasili Dar es Salaam Juni 1914. Tarehe 20 Septemba iliipiga na kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ikasitiriwa na mikoko. Waingereza waliiziba midomo ya mto. Na tarehe 11 Julai 1915 Severn na Mersey, zilizoweza kupita maji haba, ziliipiga hata Wajerumani wakaizamisha wenyewe.

Meli ilizama, lakini vita vyake havikuisha. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapiganishwa nchi kavu. Nani waliivuta? Mamia ya Waafrika, kwa kamba na mabega, katika matope na misitu. Wahenga walinena: fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.

Mzinga mmoja ungaliko Mombasa, penye Ngome ya Yesu. Majina ya manahodha twayasoma vitabuni. Ya wapagazi hayakuandikwa. Basi tuwafundishapo vijana wetu habari za mzinga ule, tusiisahau mikono iliyouvuta.