Kurushiana nyimbo kwa simu: Jina la msanii nalo lisafiri

Kurushiana nyimbo ni kuchukua nakala ya wimbo kutoka simu moja na kuiweka kwenye simu nyingine. Vijijini, ambako bando ni gharama na mtandao unakatika, singeli, bongo fleva na hip hop mpya huwafikia watu wengi kwa njia hii. Wimbo unaletwa na kondakta wa basi, mwanafunzi aliyerudi likizo au mfanyabiashara aliyetoka mnadani. Jioni yake umeshaingia kwenye simu za nusu ya kijiwe.

Tatizo ni kwamba mara nyingi wimbo unafika bila jina. Unapigwa harusini, watoto wanaukariri, lakini hakuna anayejua ni wa nani. Wimbo wa namna hiyo unapendwa bila kumsaidia aliyeuimba, na msikilizaji naye hana pa kuanzia akitaka kutafuta nyimbo nyingine za msanii huyo. Makala haya yanaeleza jina linapotelea wapi na namna ya kulihifadhi bila kutumia bando kubwa.

Kutoka kaseti hadi memori kadi

Kupeana nyimbo hakukuanza na simu. Mwaka 1991 Saleh Jabri, aliyejulikana kama Saleh J, alipotoa albamu ya Swahili Rap, muziki ulikuwa kwenye kaseti. Mwenye redio yenye sehemu mbili za kaseti aliweza kumnakilia jirani. Lakini kila nakala ilipungua sauti, na nakala ya tano ilikuwa na mikwaruzo mingi.

Faili la MP3 halina shida hiyo. Nakala ya mia moja inasikika sawasawa na ya kwanza, mradi faili lenyewe limenakiliwa jinsi lilivyo. Ndiyo maana wimbo uliotengenezwa kwenye studio ndogo ya mtaani unaweza kufika mbali bila msambazaji. Singeli ni mfano mzuri. Muziki huu wa kasi, uliokulia kwenye sherehe za uswahilini Dar es Salaam, ulizunguka mitaani kwa muda mrefu kabla ya kujulikana nje. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wenye nyimbo za wasanii wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Baada ya hapo baadhi yao walialikwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Jina linapotelea wapi?

Faili la wimbo lina majina mahali pawili. La kwanza ni jina la faili, lile unaloliona kwenye orodha. La pili ni lebo ya ndani, ambayo simu huisoma wimbo unapocheza: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka na wakati mwingine picha. Majina haya hupotea kwa njia kama hizi:

Wimbo umepakuliwa kwenye tovuti isiyo ya msanii. Baadhi ya tovuti hufuta jina la msanii kwenye lebo na kuweka la kwao. Ndiyo maana unakuta nyimbo thelathini zote zinaonyesha "msanii" mmoja, naye ni anwani ya tovuti.

Wimbo umetumwa WhatsApp kama sauti ya kawaida. Mara nyingi simu inayopokea hulipa faili jina jipya linaloanza na AUD, kisha tarehe na namba. Jina uliloandika wewe halionekani tena.

Wimbo umerekodiwa kutoka redioni au kwenye spika. Hapo huna faili la msanii bali rekodi yako mwenyewe. Haina lebo yoyote, na sauti imeshaharibika.

Kuna lebo moja ambayo simu haiwezi kuifuta. Wasanii wengi wa bongo fleva, hip hop na singeli hutaja jina lao, la mtayarishaji au la studio ndani ya wimbo wenyewe, hasa mwanzoni. Ukipata wimbo usiojulikana, sikiliza kwa makini nusu dakika ya kwanza kabla hujakata tamaa.

Mfano wa Sahara

Karibu na mwaka 2010 Mmarekani Christopher Kirkley alikuwa Kidal, kaskazini mwa Mali. Intaneti ilikuwa adimu, na vijana walirushiana nyimbo kwa Bluetooth na memori kadi. Kirkley alikusanya nyimbo hizo kutoka simu za watu, na baadaye zikatoka kama mkusanyiko uitwao Music from Saharan Cellphones. Ili kuzitoa rasmi ilibidi kwanza awatafute wenyewe, kwa sababu majina kwenye mafaili hayakutosha kumwonyesha ni akina nani na wako wapi.

Mmoja wao alikuwa Mdou Moctar, mpiga gitaa wa Niger. Mwaka 2008 alikuwa amerekodi albamu iitwayo Anar huko Sokoto, Nigeria, akichanganya gitaa, ngoma za mashine na sauti iliyopitishwa kwenye Auto-Tune. Nyimbo zake zilivuka mipaka ya nchi kwa simu za watu. Alipopatikana, mambo yalibadilika: alitoa albamu nje ya Afrika, akaigiza kwenye filamu ya mwaka 2015, na albamu yake ya Afrique Victime ya mwaka 2021 ilimpa jina kubwa Ulaya na Marekani. Simu ndizo zilizousambaza muziki wake, ila faida ilikuja baada ya watu kujua muziki ule ni wa nani.

Wimbo ukisambaa, msanii anapata nini?

Wimbo ukisikilizwa YouTube, Boomplay au kwenye huduma nyingine za muziki, kila usikilizaji unahesabiwa, na malipo hutegemea hesabu hiyo. Wimbo uliorushwa kwa Bluetooth hauhesabiwi popote, hata ukipigwa mara elfu moja.

Hata hivyo jina likibaki, msikilizaji asiye na bando bado anaweza kumsaidia msanii. Anaweza kuomba wimbo redioni kwa jina, na redio zinatakiwa kulipa mirabaha kwa muziki zinaoupiga. Anaweza kuuweka uwe mwito wa simu, yaani wimbo anaousikia mtu anayekupigia. Kenya huduma hiyo inaitwa Skiza. Kumbuka tu kwamba mwito wa simu hukatwa salio kila kipindi mpaka ujitoe. Pia msanii akija kufanya shoo mjini, watu wanajua wanakwenda kumwona nani.

Kuhusu sheria: Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina COSOZA. Mwenye kazi ndiye mwenye haki ya kuruhusu kazi yake inakiliwe, isambazwe au ipigwe hadharani. Anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi za wateja kwa malipo, bila ruhusa, anafanya biashara kwa mali ya mtu mwingine.

Namna ya kurusha wimbo vizuri

1. Anza na chanzo halali. Kama rafiki yako ana bando, mtumie kiungo cha wimbo kwenye ukurasa wa msanii badala ya faili. Kama hana, kuna huduma kama Mdundo, iliyoanzia Kenya, ambayo huruhusu kupakua MP3 bure. Unasikia tangazo fupi, na msanii anapata sehemu ya mapato.

2. Angalia ukubwa. Wimbo wa dakika nne wenye ubora wa 128 kbps una takriban MB 4. Wa 320 kbps unakaribia MB 10. Kwenye spika ndogo ya simu tofauti ni ndogo sana. Kwenye spika kubwa za sherehe utaisikia. Memori kadi ya GB 4 inabeba nyimbo karibu 1,000 za MB 4.

3. Andika jina kabla ya kurusha. Fungua sehemu ya mafaili, bonyeza wimbo kwa muda, chagua "badilisha jina", kisha andika msanii, kistari, na jina la wimbo. Usiondoe herufi .mp3 za mwisho, la sivyo simu inaweza kushindwa kuucheza.

4. Kwa WhatsApp, tuma kama hati. Usichague sauti, chagua hati. Jina uliloandika litafika lilivyo. Kisha andika jina la msanii kwenye ujumbe wenyewe pia.

5. Mkiwa karibu, tumieni Bluetooth. Haili bando hata kidogo. Programu kama Xender nayo huunganisha simu mbili bila bando, na ni ya haraka zaidi kwa nyimbo nyingi. Kwa simu ya kitochi tuma MP3, kwani nyingi hazichezi aina nyingine.

Tahadhari

Wimbo hauishii na .apk. Faili lenye herufi hizo ni programu, na ukiliruhusu kujisakinisha linaweza kusoma ujumbe wako, ukiwemo wa pesa za simu. Pia ujiulize kuhusu "wimbo mzima" wenye KB 200 tu, kwa kuwa huenda ni kipande au si wimbo kabisa. Tovuti ikikutaka uweke namba ya simu au ya siri ndipo upakue, achana nayo. Kupakua MP3 hakuhitaji namba ya siri ya mtu.

Na ukipewa wimbo leo, kabla hamjaachana muulize aliyekupa: "Huu wa nani?" Akijua, andika jina hapohapo. Asipojua, sikilizeni mwanzo wake pamoja, au ulizeni kwenye kipindi cha maombi ya nyimbo kwa kutaja maneno machache ya kiitikio. Mkishalipata jina, liandikeni kwenye faili kabla wimbo haujaenda kwa mtu wa tatu.